Nyumba ya Wabia Wawili: Historia za Familia Zilizojenga Mji wa Mpakani Tunduma

(Mada iliyotolewa katika maadhimisho ya jubilei ya miaka 100 ya Usharika)



Katika kitabu cha jubilei ni desturi kuandika habari za wainjilisti, wachungaji, kwaya na majengo ya ibada. Mada hii inahusu majengo ya aina nyingine: nyumba za wageni, fremu za maduka, maghala na vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa ubia katika mji wa Tunduma na miji midogo ya Mkoa wa Songwe. Kodi za majengo hayo zimesomesha watoto, zimetibu wagonjwa na kuwatunza wazee. Hata hivyo historia za familia zilizoyajenga hazijaandikwa, na wale wanaozijua wanaondoka mmoja baada ya mwingine.

Jambo linalosemwa hapa ni moja. Ubia wa nyumba katika mji mdogo aghalabu haukufungwa kwa hati, bali kwa historia: fulani alimpokea fulani, huyu akatoa kiwanja, yule akatoa mabati, na wote wawili wakaaminiana mpaka kufa. Kwa hiyo historia hiyo inapopotea, hasara yake haiishii katika kumbukumbu. Pamoja nayo hupotea haki ya mtu juu ya ukuta, chumba na kodi ya kila mwezi.

Mji uliojengwa juu ya kusubiri

Mpaka uliouzaa mji wa Tunduma ulichorwa na mataifa ya Ulaya. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mipaka yao ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 1890, na mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ikaipima nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika na kuweka alama. Mstari huo ulipita katikati ya Wanyamwanga, ukawaacha ndugu wa ukoo mmoja pande mbili: hawa Tunduma, wale Nakonde. Mashamba, makaburi na undugu vilibaki vilevile, lakini tangu hapo kila aliyetaka kupita na mzigo alipaswa kusimama.

Kusimama huko ndiko kulikoleta biashara ya nyumba. Mwezi Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilijikuta njia zake za kusini zimo mashakani, na malori ya mafuta na shaba yakaanza kupita kwa wingi katika barabara ya Dar es Salaam. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia mwaka 1970 kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwezi Julai 1976. Barabara ya lami, reli na forodha vikakutana mahali pamoja. Dereva aliyesubiri karatasi zake alihitaji kitanda, mfanyabiashara alihitaji ghala, na mbadilisha fedha alihitaji mlango unaotazama barabara.

Kwa maneno mengine, Tunduma ni mji uliojengwa juu ya kusubiri. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika mji huo watu zaidi ya 97,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 219,000. Katika miaka kumi mji uliongezeka zaidi ya mara mbili, na kila aliyeongezeka alilala katika chumba ambacho mtu fulani alikuwa amekijenga.

Familia tatu katika kiwanja kimoja

Atakayechunguza asili ya jengo la zamani mjini humo ataona mara nyingi kwamba jengo hilo halikuzaliwa na familia moja. Mlikuwamo familia za aina tatu, na kila moja ilileta kitu ambacho nyingine haikuwa nacho.

Ya kwanza ni familia ya wenyeji. Hawa walikuwa na ardhi. Babu alikuwa na shamba la mahindi au ulezi, na mji ukamfuata mpaka mlangoni. Alipotoa kipande kwa mgeni, mara nyingine aliuza, mara nyingine alipokea zawadi ya kumkaribisha mgeni, na mara nyingine alisema tu, "Jenga, tutakaa pamoja." Maneno hayo matatu ni mambo matatu tofauti mbele ya sheria, lakini yaliposemwa yalifanana sana, na waliokuwapo hawakuona sababu ya kuyatofautisha.

Ya pili ni familia ya wafanyabiashara kutoka mbali: Wakinga kutoka milima ya Makete, Wanyakyusa kutoka Rungwe na Kyela, Wandali kutoka Ileje, Wanyiha kutoka Mbozi pamoja na fedha za kahawa. Wakinga wanastahili neno la pekee katika kitabu hiki, kwa kuwa wengi wao walikuja wakiwa tayari ni Walutheri. Misioni ya Berlin ilifungua kituo cha Bulongwa mwaka 1895. Nchi ya Ukinga ni ya baridi na miteremko mikali, na vijana wake walishuka kutafuta biashara Mbeya, Makambako, Tunduma na hata Kariakoo. Mkinga aliyefika na robota la nguo hakuwa na ardhi. Alikuwa na bidhaa, nidhamu ya kuweka akiba, na barua ya usharika wa kwao iliyomtambulisha kwa wageni.

Ya tatu ni familia ya mwenye mshahara: mwalimu, mganga, mtumishi wa forodha au wa reli. Huyu alikuwa na fedha ndogo iliyokuja kila mwezi bila kukosa, na kwa ujenzi wa polepole hakuna mtaji bora kuliko huo. Lakini Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi, wakiwamo watumishi wa ngazi za kati na za juu, kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikafuata sheria iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi. Sharti hilo juu ya viongozi lililegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Katika miaka 24 iliyopita kati ya maazimio hayo mawili, mtumishi aliyetaka kuweka tofali zake mahali alikuwa na sababu nzito ya kutolitaja jina lake. Jina lililoandikwa lilikuwa la shemeji, la mdogo wake, au la mbia wake aliyeuza duka.

Hapo ndipo palipozaliwa hali ambayo miji midogo mingi inayo hadi leo: karatasi inasema mmoja, na ukweli unasema wawili au watatu.

Jinsi ubia ulivyofanya kazi

Inafaa kuchukua mfano, si wa familia fulani, bali wa namna mambo yalivyokwenda. Nyumba ya wageni ina vyumba kumi na fremu mbili mbele. Mwenyeji ametoa kiwanja. Mfanyabiashara amenunua saruji, mabati na vitanda. Mwalimu amelipa fundi kwa miaka mitatu kutoka katika mshahara wake. Makubaliano yaliandikwa katika karatasi ya daftari la shule mbele ya balozi wa nyumba kumi, au hayakuandikwa kabisa. Mgawanyo ulikuwa rahisi: kodi ya fremu ni ya mwenyeji, mapato ya vyumba yanagawanywa nusu kwa nusu kati ya wawili waliobaki, na matengenezo yanatoka katika mapato kabla ya mgawo. Kila mwisho wa mwezi wakeze wa wabia walikutana uani, wakahesabu fedha juu ya mkeka, wakaandika katika daftari moja lenye jalada gumu.

Mpangilio huo haukuwa wa kijinga, kama wasomi wa leo wanavyoweza kudhani. Ulikuwa na ulinzi wake. Wabia walibatizana watoto. Mmoja alikuwa msimamizi wa ubatizo wa mtoto wa mwenzake. Walizikana. Aliyedhulumu angekutana na mbia wake Jumapili katika benchi moja, na mbele ya wazee hao hao. Aibu ilifanya kazi ambayo mahali pengine hufanywa na wakili. Ulinzi huo ulikuwa na nguvu kweli, lakini ulikuwa na kikomo kimoja: ulidumu kwa urefu wa maisha ya wale walioaibika. Watoto waliohamia Dar es Salaam, Mbeya au Lusaka hawakukaa katika benchi lile, na hawakurithi aibu ya baba zao pamoja na nyumba.

Siku mbia anapofariki

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo ndani yake zimo pia kanuni za ubia, inasema wazi kwamba mbia mmoja akifariki ubia huvunjika, isipokuwa wabia wenyewe wawe wamekubaliana vinginevyo. Wazee wengi waliojenga pamoja hawakulijua neno hilo. Walidhani nyumba ingeendelea kama ilivyokuwa, mtoto akikaa mahali pa baba yake. Kumbe siku ya msiba ubia ulikuwa umekwisha, na kilichobaki ni hesabu kati ya aliye hai na warithi wa marehemu.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, nayo inatofautisha namna mbili za watu kumiliki ardhi pamoja. Katika namna ya kwanza hakuna mwenye fungu lake; mmoja akifa, aliyebaki huchukua yote. Katika namna ya pili kila mmoja ana fungu lake, na akifa fungu hilo huenda kwa warithi wake. Tangu sheria hiyo ianze, namna ya kwanza imewekwa kwa ajili ya mume na mke, isipokuwa kwa idhini ya mahakama. Wabia wasio wanandoa basi wanapaswa kumiliki kwa mafungu, na fungu la kila mmoja litajwe. Lakini fungu litatajwaje kama jina lenyewe halimo katika hati?

Anayeumia kwanza ni mjane. Kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, katika Tangazo Na. 436, ziliweka kwamba mjane hana fungu katika urithi wa mumewe iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Watoto wake ndio wamtunze. Kanuni hizo zimepingwa mara nyingi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua katika shauri la Wahaya kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliitaka Tanzania kuzibadili kanuni hizo za urithi, baada ya kusikiliza malalamiko ya wajane wawili. Kwa upande wa ndoa, sheria ya mwaka 1971 inakataza nyumba ya wanandoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Lakini nyumba ya wageni si nyumba ya kuishi wanandoa. Mjane wa mbia asiyetajwa katika hati anabaki na kitu kimoja tu cha kumtetea: historia ya jinsi jengo lilivyojengwa, na watu wa kuishuhudia.

Ndiyo maana lile daftari lenye jalada gumu ni mali kuliko wengi wanavyodhani. Mama aliyeketi mkekani miaka ishirini akihesabu fedha ndiye shahidi wa kwanza wa ubia, hata kama hakuna aliyewahi kumwita mbia.

Mbia wa ng'ambo ya mpaka

Kuna jambo moja ambalo miji ya ndani hailijui, bali Tunduma inalijua. Ndugu wa Nakonde alipochangia ujenzi upande wa Tanzania, alichangia kama ndugu. Ng'ombe waliouzwa na kwacha zilizobadilishwa zilikuwa za ukoo mmoja. Hata hivyo Sheria ya Ardhi haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa kisheria. Kwa hiyo jina lake haliwezi kuandikwa katika hati kama la nduguye, hata kama robo ya matofali ni yake.

Hapa pana hatari pande zote mbili. Mchango wake usipoandikwa, watoto wake watasema wamedhulumiwa. Ukiandikwa kana kwamba yeye ni mmiliki, maandishi hayo yataangushwa. Njia ya haki ni kuuandika kama ulivyo: fedha iliyokopeshwa, au zawadi, au deni linalorudishwa kutoka katika kodi kwa miaka iliyotajwa. Ndugu wanaoona haya kuandikiana deni wanawaachia watoto wao ugomvi wa nchi mbili.

Kwa nini jambo hili ni la sasa

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya kale, na nyumba bado zimesimama. Lakini nyakati zimebadilika. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walifungua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ambapo msafiri na mzigo hukaguliwa mahali pamoja badala ya mara mbili. Lengo la kituo hicho ni kupunguza muda wa kusubiri, na huo ndio muda uliozijaza nyumba za wageni. Wakati huohuo, Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016 na Vwawa ikawa makao makuu yake, watumishi wapya walihitaji nyumba za kupanga za familia, si chumba cha usiku mmoja.

Jengo la zamani basi linataka kugeuzwa: vyumba viunganishwe, ghorofa iongezwe, au kiwanja kiuzwe na fedha igawanywe. Benki inataka hati. Mnunuzi anataka saini. Dalali anataka kujua mwenye nyumba ni nani. Swali hilo, ambalo kwa miaka 40 halikuwa na haja ya kuulizwa, sasa linaulizwa katika familia nyingi kwa mwaka mmoja, na wenye majibu ni wazee wachache.

Fundisho kutoka familia ya Karimjee

Si Tunduma tu iliyopitia njia hii. Zanzibar, katika karne ya 19, wana watatu wa mfanyabiashara Jivanjee Buddhabhoy waliendesha biashara pamoja mpaka mwaka 1861, walipotengana na mmoja wao, Karimjee, akaanza biashara iliyobeba jina lake. Kutengana huko hakukuua familia. Kizazi baada ya kizazi kilipanua biashara, mashamba na majengo, na Ukumbi wa Karimjee wa Dar es Salaam, ambamo Bunge la Tanganyika lilikutana, unaitwa kwa jina lao. Mwaka 2009 historia ya familia hiyo kwa miaka 200 ilichapishwa kitabu, kazi ya mwanahistoria Gijsbert Oonk.

Wale walikuwa matajiri wakubwa, na wabia wa Tunduma ni watu wa fremu mbili na vyumba kumi. Lakini fundisho ni la wote. Wabia wakitengana wakiwa hai, wakijua nani ana nini, kutengana kwao ni mwanzo wa nyumba mbili. Wakitenganishwa na kifo bila maandishi, aghalabu huwa ni mwisho wa nyumba moja.

Mambo ya kuandikwa

Kazi inayopendekezwa haihitaji mtaalamu. Kila familia yenye jengo la ubia inaweza kukaa siku moja, wazee na vijana, wake na waume, ikaandika mambo yafuatayo:

1. Kiwanja kilitoka kwa nani, mwaka gani, na kwa maneno gani: kiliuzwa, kilitolewa, au kilikopeshwa.
2. Nani alitoa nini katika ujenzi, wakiwamo wale ambao majina yao yalifichwa kwa sababu za wakati ule, na wanawake waliopika kwa mafundi na kuteka maji ya tofali.
3. Mapato yaligawanywaje, na daftari liko wapi.
4. Nani amelipa kodi ya ardhi kila mwaka, na stakabadhi ziko wapi.
5. Mashahidi walio hai ni akina nani, pande zote mbili za mpaka.
6. Wabia wanataka nini kitendeke mmoja wao akifariki.

Maandishi hayo yasomwe mbele ya familia zote zinazohusika, yasainiwe, kisha yapelekwe kwa mwanasheria ili yapate umbo la kisheria, na mafungu yaingizwe katika hati. Nakala moja ikae kwa kila familia.

Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka nabii Yeremia, ambaye wakati Yerusalemu imezingirwa alinunua shamba la Anathothi kutoka kwa Hanameli, mwana wa ami yake, kwa shekeli 17 za fedha. Aliandika hati, akaweka mashahidi, akapima fedha katika mizani, na hati zikatiwa katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Ununuzi ulikuwa kati ya ndugu, na mnunuzi alikuwa mtu wa Mungu. Hata hivyo hakuona kwamba kuandika ni dalili ya kutoaminiana. Aliandika kwa sababu watu hufa na ardhi hubaki.

Katika nyumba nyingi za Tunduma, Mpemba, Vwawa na Mlowo bado yupo bibi anayejua ni nani aliyeleta bati la kwanza. Vijana wa jubilei hii wana kalamu, na wengi wao wana simu zinazoweza kurekodi sauti. Wamwendee mapema, wamsikilize mpaka mwisho, na wamtaje kila mtu anayemtaja yeye, hata yule ambaye hati haimjui.